Mchele unavuka Ruvuma, vitamini inabaki kwenye pumba

Kilambo, upande wa Mtwara, gunia huulizwa maswali matatu tu. Lina kilo ngapi, ni la nani, na limelipiwa nini. Likishajibiwa hayo linavuka mto, linashuka Namoto upande wa Msumbiji, linafungwa juu ya gari au pikipiki na kuelekea Quionga na Palma. Barabara ikiwa salama, linafika mpaka Mocímboa da Praia. Swali la nne haliulizwi na mtu wa forodha, wala na mwenye duka anayelipokea: ndani ya gunia hilo kuna nini cha kumfaa mtoto wa miezi miwili?

Linaweza kuonekana swali la mzaha. Mtoto wa miezi miwili hali wali, ananyonya. Lakini anachonyonya kimetoka kwenye sahani ya mama yake, na katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado sahani hiyo kwa sehemu kubwa inajazwa na vitu vitatu: mchele mweupe, muhogo mkavu na unga wa mahindi uliokobolewa. Mchele haukosekani sokoni, maana wafanyabiashara wa mpakani wanaupeleka, na meli zinaushusha kutoka Asia. Tumbo linashiba. Kinachokosekana hakionekani kwenye mizani.

Wataalamu wa lishe wanaiita hali hiyo njaa iliyofichika. Mtu anakula, tena anakula mara mbili kwa siku, lakini mwili unapungukiwa vitamini na madini. Kwa mtu mzima inaweza kuchukua miezi kabla ya kumwangusha. Mtoto mchanga hana miezi hiyo.

Maziwa ya mama ni chakula cha ajabu. Hata mama akiwa amekonda, mafuta, sukari na protini ya maziwa yake havishuki sana, kwa kuwa mwili wake unajinyima ili mtoto apate. Lakini vipo vitu ambavyo mwili wa mama hauwezi kuvitoa kama yeye mwenyewe hana. Vitamini A ni mmoja wapo. Vitamini B12, ambayo hutoka kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, ni mwingine. Wa hatari zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni vitamini B1, ambayo kwa jina la dukani huitwa thayamini. Mwili wa binadamu hauna ghala la B1. Akiba yake ni ya wiki mbili au tatu, basi. Mama asiyeipata kwenye chakula hana cha kuweka kwenye ziwa.

Ugonjwa unaotokana na upungufu huo unaitwa beriberi, na kwa watoto wachanga unakuja kwa hila. Mtoto anazaliwa vizuri, analia vizuri, pengine hata ananenepa. Akifika mwezi wa pili au wa tatu anaanza kutapika na kukataa ziwa. Anahangaika bila kutulia. Sauti inakauka, mdomo unafunguka kama wa mtoto anayelia lakini kilio hakitoki. Kisha pumzi zinakuwa za haraka, moyo unatanuka na kushindwa kazi, na mtoto aliyekuwa mzima juzi anaweza kufa ndani ya siku moja. Zahanati itaandika nimonia, au malaria kali, au maambukizi ya damu. Nyumbani watasema degedege, au jicho la mtu. Kipimo cha B1 kinahitaji maabara ambayo zahanati ya kijijini haina, kwa hiyo hakuna anayeweza kumsahihisha mwenzake.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa yake ni vitamini yenyewe. Mtoto akipigwa sindano ya B1 kwa wakati, moyo unaweza kurudi kazini ndani ya saa chache. Vidonge vya thayamini vimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa. Mtoto anaweza kufa kwa kukosa kitu ambacho kingegharimu chini ya nauli ya bodaboda kutoka kijijini mpaka kwenye kituo cha afya.

Kwa anayedhani hayo ni mambo ya vitabu vya Asia, aangalie ng'ambo ya mlango wa bahari. Mayotte, ambayo Wangazija huiita Maore, iko mashariki ya pwani hiyohiyo ya Cabo Delgado, na watu wake wanakula mchele mweupe kama wanavyokula watu wa Palma na Ibo. Mwaka 2004 watoto wachanga walianza kufa kisiwani humo, wakitapika na mioyo ikishindwa. Ilikuwa beriberi. Mama zao walikuwa wakinyonyesha kama walivyoshauriwa, na walikuwa wakila kama majirani zao wote. Mayotte iko chini ya Ufaransa na huduma zake za afya haziwezi kulinganishwa na za wilaya ya Palma au Nangade. Hata hivyo vifo vilitangulia jina la ugonjwa. Walipopewa B1, mambo yakabadilika.

Mwaka mmoja kabla, nchini Israel, watoto waliokuwa wakilishwa maziwa ya kopo ya soya waliugua beriberi na baadhi yao kufariki, kwa sababu kopo hilo halikuwa na B1 ya kutosha ingawa maandishi ya nje yalionyesha kuwa imo. Habari hiyo inawahusu moja kwa moja wale wanaopitisha makopo ya maziwa ya watoto kwenye mitumbwi ya Ruvuma bila karatasi. Ziwa la mama haliwezi kubadilishwa na kopo, hasa mahali ambapo maji ya kuchanganyia yanatoka kisimani. Anayehitaji kulishwa vizuri ni mama.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa hesabu. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban miligramu 1.4 za B1 kwa siku. Gramu 100 za mchele mweupe uliokobolewa na kung'arishwa zina chini ya miligramu 0.1. Ili afikie kiasi chake kwa mchele peke yake, mama angelazimika kula karibu kilo mbili za mchele mkavu kila siku, na hapo haujaoshwa mara tatu na maji yake kumwagwa, kama jikoni kwingi kunavyofanywa. Gramu 100 za mbaazi kavu zina kama miligramu 0.6. Karanga nazo ni hivyohivyo, na kunde zinazidi kidogo. Kwa hiyo kazi ambayo mchele haiwezi kwa kilo mbili, mbaazi au karanga zinaikaribia kwa robo kilo. Ni kweli kwamba moto hupunguza sehemu ya vitamini hiyo katika vyakula vyote, lakini tofauti ya kuanzia ni kubwa mno.

B1 ya mpunga ilikuwepo. Ipo kwenye ngozi nyembamba inayofunika punje na kwenye kiini chake, na vyote viwili vinaondoka mashineni pamoja na pumba. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, aliona kuku wa Java wakilegea miguu walipolishwa wali mweupe, na wakipona walipopewa mchele ambao haujang'arishwa. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Ni karibu karne moja sasa tangu apewe, na bado kote katika Afrika Mashariki kuku ndiye anayekula pumba na mzazi ndiye anayekula wali mweupe.

Mahindi nayo yana kisa hichohicho. Kila mama lishe wa Mtwara anajua tofauti ya dona na sembe, na anajua mteja anataka ipi. Sembe ni nyeupe, inakaa ghalani bila kuchacha, na inampa mgeni heshima. Ng'ambo ya mto sembe hiyohiyo inapikwa ugali unaoitwa shima. Muhogo mkavu, makopa, ambao ndio kinga ya pwani hii wakati wa ukame na wakati wa vita, hauna B1 ya kutegemewa kabisa.

Vita ndiyo iliyolifanya jambo hili lisisubiri. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, kaskazini ya Cabo Delgado imehama na kurudi na kuhama tena. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Kufikia 2022 waliokimbia makwao jimboni walikuwa zaidi ya 900,000. Mtu anapohama kwa miguu hachukui shamba la kunde. Anaacha miti ya mbaazi ua wa nyuma, anaacha kuku, anaacha mnazi na mtego wa samaki. Mwanamke wa Quissanga aliyezoea kitoweo cha samaki, ambacho ndicho kilichokuwa kikimpa B12, akipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi wa ndani kule Metuge au Ancuabe, anakuta maisha ya mgao. Mgao una nafaka, una kunde au maharage kiasi, una mafuta, na umewahi kupunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Mgao ukipungua, nafaka ndiyo inayobaki kwenye sufuria siku za mwisho za mwezi.

Historia ya mpaka huu imewahi kutoa onyo kubwa kuhusu mgao wa namna hiyo. Mwaka 1990, Wasumbiji waliokuwa wamekimbilia kusini ya Malawi kwa sababu ya vita ile nyingine walianza kubabuka ngozi shingoni na mikononi. Kati ya Februari na Oktoba mwaka huo waliandikishwa wagonjwa karibu 18,000 wa pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3. Wanawake waliathirika zaidi kuliko wanaume. Mahindi waliyokuwa wakipewa yalikuwepo. Kilichokuwa kimekatika ni karanga, ambazo ndizo zilizokuwa zikiwapa vitamini hiyo. Karanga zilipokosekana kwenye mgao, miezi michache baadaye ngozi za wanawake zikaandika habari hiyo hadharani. Beriberi ya mtoto mchanga haiandiki kitu kwenye ngozi ya mama yake, naye anaweza kuonekana mzima.

Takwimu za Msumbiji zinaonyesha kuwa tatizo la vitamini kwa watoto si dhana. Utafiti wa kitaifa wa 2002 uliwakuta watoto 69 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wakiwa na upungufu wa vitamini A. Utafiti wa afya wa 2011 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wa Cabo Delgado walikuwa wamedumaa. Angalia hapo umri unaoanzia: miezi sita. Matone ya vitamini A yanayotolewa kwenye kampeni za chanjo nayo huanza miezi sita, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Chini ya hapo mtoto hapewi matone, hapewi uji, na mara nyingi hahesabiwi katika tafiti za damu. Miezi hiyo sita ya kwanza imeachwa mikononi mwa mama, ambaye naye ameachwa mikononi mwa soko.

Soko hilo ndilo la wasomaji hawa, nalo lina kioja chake. Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kunalimwa mbaazi nyingi mno. Wakulima wa Mtwara na Lindi wanazilima kwa ajili ya mnunuzi mmoja mkubwa, India, na wenzao wa Msumbiji wanafanya hivyohivyo. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ikaporomoka pande zote mbili za Ruvuma. Wakulima walibaki na magunia yasiyokuwa na mnunuzi. Miezi miwili baadaye risasi zilianza kulia Mocímboa da Praia, na watu wakaanza kukimbia kuelekea kwenye maisha ya shima na wali mtupu. Mbaazi zilizokosa mlaji na mama aliyekosa mbaazi walikuwa ndani ya ukanda mmoja, lakini biashara ya mbaazi ilikuwa imejengwa kuangalia bandarini, na haikuwa na macho ya kutazama mtoni.

Lawama ya hilo haimwangukii mchuuzi peke yake. Mchuuzi wa Kilambo anafanya kazi kwenye ukingo wa mtangamano wenyewe. Jirani yake wa Namanga au Mutukula anapita na bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kwa fomu nyepesi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mradi zimezalishwa ndani ya jumuiya. Msumbiji haimo katika jumuiya hiyo. COMESA nayo ina utaratibu wake mwepesi, lakini Msumbiji ilijitoa huko 1997 na Tanzania ikafuata 2000. Kinachowaunganisha ni SADC, ambayo Agosti 2019, katika mkutano wa Dar es Salaam, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hilo ni jambo la fahari, na Mmwani wa Palma anaelewana na Mmakonde wa Mtwara bila mkalimani. Lakini kufahamiana lugha hakujampa mama mwenye magunia matatu ya karanga njia fupi ya kuvuka. Anadaiwa nyaraka kama mwagizaji wa kontena. Matokeo yake anapita njia za panya usiku, na anayepita usiku hubeba kile kinachouzika haraka asubuhi, yaani mchele, sukari na sembe.

Daraja la Umoja la Mtambaswala na Negomano lilifunguliwa Mei 2010 kwa matumaini makubwa. Lakini liko mbali, bara, na biashara ya pwani bado ni ya Kilambo. Baada ya shambulio la kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020, hakuna mwenye akili anayeweza kudai ulinzi wa mpaka huu ulegezwe. Kinachodaiwa hapa ni kitu kidogo zaidi: serikali za Dodoma na Maputo zikubaliane orodha fupi ya vyakula vya mama na mtoto, mikunde na karanga zikiwa juu kabisa, ambavyo mchuuzi mdogo atavivusha kwa karatasi moja, mchana, mahali palepale penye askari. Askari atakuwa na kazi nyepesi, si nzito zaidi, kwa kuwa biashara ya mchana huonekana.

Kuna watakaosema tiba iko kwenye urutubishaji viwandani. Ni sehemu ya tiba. Tanzania iliweka kanuni zake 2011, na Msumbiji ikafuata 2016 kwa amri inayovitaka viwanda kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi, mafuta, sukari na chumvi. Lakini chakula kinachotawala sahani za pwani hii, mchele, hakimo katika orodha hizo za 2011 na 2016. Unga wa mahindi unaosagwa kwenye mashine ndogo ya mtaani hauguswi na kiwanda chochote. Na hata mfuko wenye nembo ya virutubishi si lazima uwe na B1, ndiyo maana mnunuzi wa jumla anapaswa kusoma maandishi madogo ya nyuma, kama anavyosoma tarehe ya kuisha muda. Wanaobeba mchele kwa wingi wana njia nyingine ya kufikiria: mpunga unaochemshwa na ganda lake kabla ya kukobolewa. Maji ya moto huisukuma vitamini ndani ya punje, na mashine haiwezi kuiondoa yote. Nchi za Asia ya Kusini zinaufahamu mchele huo tangu zamani. Una rangi ya manjano kidogo na harufu yake si ya kila mtu, kwa hiyo asije mtu akaleta tani kumi Palma kwa mara ya kwanza. Ajaribu magunia mawili.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka jikoni. Mbaazi zinataka saa mbili za moto, na katika makazi ya waliohamishwa kuni ni ghali, tena kuzifuata porini ni hatari kwa mwanamke. Wali unaiva kabla mtoto hajaamka. Hapo ndipo karanga zinapoishinda mbaazi. Karanga zilizotwangwa zinaingia kwenye sufuria dakika za mwisho, na wanawake wa Msumbiji hawahitaji semina juu ya hilo: matapa, yaani kisamvu kilichopikwa kwa karanga na tui la nazi, ndicho chakula chao cha heshima. Kinachotakiwa ni karanga ziwepo sokoni, kavu, zisizo na ukungu, na kwa bei ya mama aliyejifungua. Ukungu si jambo la kupuuza. Karanga zilizovunda zina sumu ya aflatoksini, na mfanyabiashara anayechanganya mbovu na nzima ili afikishe kilo anauza sumu hiyo kwa watu haohao.

Na isidhaniwe kuwa kila kirutubishi ni cha kumwagwa tu. Kisiwa cha Pemba, kile cha Zanzibar na si mji wa Pemba ulio makao makuu ya Cabo Delgado, kiliwahi kutoa fundisho lililosikika duniani. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, katika mazingira ya malaria nyingi, walilazwa hospitalini na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Tangu hapo chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria hutolewa kwa uangalifu. B1 haina hatari ya namna hiyo, ziada yake hutoka na mkojo. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya uzembe juu ya B1 kuwa mgumu kuuelewa.

Kwa wahudumu wa afya wa Palma, Nangade na Mocímboa da Praia, na kwa wenzao wa Mtwara vijijini wanaopokea wagonjwa kutoka ng'ambo, kinachohitajika ni kitu cha kuandikwa kwenye karatasi moja ukutani. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita, ananyonya, anatapika, sauti imekauka, anahema haraka, homa hana au ni ndogo: mpe B1 huku matibabu mengine yakiendelea, na mpe mama yake pia. Akipata nafuu jioni ile, utambuzi umepatikana bila maabara. Dawa zake ziingizwe kwenye boksi la kila kituo, na mama mjamzito anayeishi kwa wali na makopa apewe vidonge kabla hajajifungua.

Mkanda huu umewahi kuona soko likifanya kazi ya hospitali. Baada ya mafuriko ya 2000, Msumbiji ilianza kusambaza mbegu za viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vilivyojaa kinachogeuka vitamini A mwilini. Katika jimbo la Zambézia watoto wa familia zilizovilima na kuvila walipimwa, na vitamini A kwenye damu yao ilikuwa imepanda. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti wa viazi hivyo, Maria Andrade aliyefanya kazi Msumbiji na Robert Mwanga wa Uganda wakiwa miongoni mwao. Mbegu peke yake isingetosha. Viazi vilikubalika kwa sababu wachuuzi walivipanga mbele ya meza na kuwaambia wateja kwa nini vina rangi ile.

Mbaazi za Mtwara na Lindi huanza kuvunwa katikati ya mwaka, na wakati huo bei ya shambani ndiyo ya chini kabisa. Ghala za Palma na vijiji vyake huanza kubaki tupu Januari, mvua zikiwa zimekata barabara na mavuno mapya yakiwa bado shambani. Kati ya hapo kuna miezi sita. Gunia la mbaazi lililokaushwa vizuri na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa linaikaa miezi hiyo bila wadudu. Mchuuzi anayelinunua Agosti na kulivusha kabla ya mvua anapata faida yake kama kawaida. Watoto watakaozaliwa Palma Novemba watafikia mwezi wa pili Januari hiyohiyo.